Bafu la Ghorofa ya Kumi na Sita

Mzee Hermani Tluway aliposhuka kwenye basi pale Katesh, kofia ilikuwa imevutwa mpaka kwenye nyusi, na miwani nyeusi ya hospitali imefunika macho. Mke wake, Marieta, alikuwa ametoka kijijini kwao Nangwa mapema kuja kumpokea. Kwa miaka kadhaa alikuwa amezoea kumshika mkono mtu asiyeona, na hata sasa aliunyoosha mkono kabla hajafikiri. Lakini mzee alishuka ngazi za basi mwenyewe, akaruka dimbwi lililokuwa mlangoni, akasimama mbele yake.

“Unaniona?” Marieta aliuliza.

“Nakuona,” alijibu, kisha akageuka kutafuta bodaboda.

Marieta alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na amesuka nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu macho ya mumewe yalipoanza kufifia. Njiani alijua kuna jambo halikwenda sawa. Mzee alitakiwa kukaa Dar es Salaam mpaka jicho la pili nalo litengenezwe. Alikuwa amerudi na jicho moja, hata bila kungoja daktari amwone tena, na alipoulizwa sababu alisema joto la kule limemshinda.

Sababu haikuwa joto.

Mtoto wao wa kwanza, Gregory, alikuwa msanifu majengo, na kwa watu wa Nangwa maana yake ilikuwa mtu anayechora maghorofa ya Dar. Mwaka ule jengo lake kubwa kuliko yote lilikuwa limekamilika, karibu na bahari. Mwenye jengo alimpa nyumba moja ya ghorofa ya kumi na sita akae na mkewe Evelyne kwa muda, ili wanunuzi wanaokuja kuangalia waone jinsi watu wanavyoweza kuishi humo. Gregory aliipenda nyumba ile kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alikuwa ameichora bila kuta za ndani. Juu na chini zege tupu lisilopakwa rangi, nguzo nne nene, na kilichobaki chote kioo, ili mwanga uingie upande wa baharini na utokee upande wa mjini bila kuzuiwa na kitu. Kitanda cha wageni kilikuwa nyuma ya kabati refu. Choo alikificha nyuma ya nguzo. Bafu hakulificha. Alilisimamisha katikati ya nyumba, kati ya jiko na sebule, chumba kidogo cha kioo kiangavu kisicho na ukungu, toka sakafuni mpaka darini, na picha zake zilikuwa zimeshatoka kwenye majarida ya nje.

Humo ndimo alimompeleka baba yake.

Macho yote mawili ya mzee yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona weupe wa mchana, aliona kivuli cha mtu akipita karibu, basi. Siku ya kwanza Gregory alimshika mkono akamwonyesha: bomba hili hapa baba, hili la maji ya moto, mlango unausukuma hivi unajifunga wenyewe. Mzee alipapasa pande zote. Kulikuwa laini na baridi kama vigae. Weupe ulikuwa kila upande, akafikiri ni rangi. Aliusifu mlango kwamba unajifunga bila kelele, akasema hajawahi kuoga mahali pazuri namna ile. Na kila asubuhi, wakati akingoja siku yake ya upasuaji, alioga taratibu kwa maji ya moto yasiyoisha, akiimba nyimbo za kwaya ya Nangwa, akijisugua miguu, akiinama, akijigeuza, kama mtu aliye peke yake.

Siku walipofungua bandeji ya jicho la kulia, Gregory alimchukua hospitali kwa gari, wakapanda lifti. Mlango wa nyumba ulipofunguliwa, mzee aliona bahari kabla ya kitu kingine. Aliona meli. Alicheka kwa sauti, akamshika mwanawe bega. Halafu akamwona Evelyne. Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, anafuta, na mkono wake ulikwenda juu na chini kama unaofuta hewa. Nyuma yake lilikuwa limetundikwa taulo la kijani ambalo mzee alilijua, kwa sababu lilikuwa la kwake tangu enzi akiona.

“Pale aliposimama mkeo ni wapi?” aliuliza.

“Bafuni, baba,” Gregory alisema, na kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza baba yake kuiona kazi yake, akaanza kumweleza habari za mwanga.

Mzee alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Habari za mwanga hakuzisikia. Alikuwa anatazama jiko, ambako kila asubuhi alisikia vyombo vikigongana alipokuwa anapita kwenda kuoga, na alikuwa anapima kwa jicho lake jipya umbali uliokuwepo kati ya jiko na lile taulo. Ulikuwa mfupi. Evelyne alipotoka na kukunja goti kumsalimia, shikamoo baba, pole na hospitali, aliitika akitazama sakafu. Jioni ile hakuoga. Asubuhi alisema anataka kwenda kwake, na hakuna aliyeweza kumgeuza.

Watu wa Nangwa walifurahi kwamba mzee anaona tena. Majirani walikuja na maziwa, wakamwonyesha vidole wakimuuliza ni vingapi, wakacheka alipopatia. Mzee aliwajibu, lakini akitazama pembeni. Wakija wanawake alitokea mlango wa nyuma akaenda kwa ng'ombe. Mwanzoni Marieta alidhani mwanga unamuumiza jicho. Kisha akaona kwamba mumewe anangoja mpaka watu wote waende shamba ndipo aingie kuoga, kwenye bafu lao la matofali nyuma ya nyumba, na kwamba anasukumia jiwe nyuma ya mlango wa bati. Na haimbi. Jumapili hakwenda kanisani. Jumapili iliyofuata pia hakwenda.

Alichokuwa anakiona mzee, kila alipofumba macho, ni yeye mwenyewe. Aliuona mwili wake wa uzee, tumbo lililolegea, matako yaliyokauka, na wimbo wa kwaya ukimtoka mdomoni, mbele ya mke wa mwanawe. Baba yake mzazi, mpaka anakufa, hakuwahi kukaa mbele ya Marieta bila koti, hata wakati wa jua kali. Na yeye ndiye aliyevua nguo. Hakuna aliyemvua. Kila alipofika hapo moyo wake ulikataa kuendelea, akainuka akatafuta kazi ya mikono.

Lameck, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo ya kanisa, alikuja kusema kwamba wanajumuiya wanataka kusali pale nyumbani, kumshukuru Mungu kwa macho ya mzee na kumpongeza Gregory. Mzee alisema wangoje kwanza. Lameck alipoondoka, Marieta alimuuliza mumewe tena kama kuna mtu alimkosea huko mjini.

“Nimejiaibisha mwenyewe,” alisema. “Niache.”

Marieta alimpigia Gregory simu. Gregory alisema hajui chochote, tena kwa sauti ya mtu aliyeumia. Alisema alimlaza baba mahali ambapo mabalozi wanapapigania, akamtafutia daktari mzuri, na baba akaondoka bila kuaga vizuri. Mwishowe akasema watakuja yeye na Evelyne, Jumamosi.

Gari lao lilipoingia uani mzee alikuwa ameshakwenda zizini. Gregory alishuka, akamwamkia mama yake, akaanza kuteremsha matunda na mafuta ya kupikia. Evelyne hakushuka. Marieta alingoja, akaona binti amekaa tu, mkanda wa gari haujafunguliwa. Akamwendea, akafungua mlango.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbona hushuki?”

“Mama, baba akiniona atajisikiaje?” Evelyne alisema, na machozi yakaanza.

Marieta alimpeleka jikoni, lile jiko la nje, akamkalisha kwenye kigoda karibu na mafiga. Huko ndiko alikoelezwa habari ya bafu. Mara ya kwanza hakuielewa, ikabidi Evelyne arudie kwamba kuta zote ni za kioo, na mtu aliye ndani anaonekana kama aliye nje. Evelyne alisema kila baba alipokwenda kuoga yeye aliacha vyombo akatoka, akakaa kwenye ngazi za jengo mpaka aone muda umetosha. Jirani wa ghorofa ile alifikia hatua ya kumuuliza kama amefukuzwa na mume. Siku ya kwanza tu ndiyo hakujua kwamba baba ameshaingia. Aligeuka na sufuria mkononi, akaona, akakimbia. Alitundika shuka kwenye kile kioo, na Gregory akaitoa kwa sababu wapiga picha walikuwa wanakuja. Walipoondoka alimwomba mumewe airudishe.

“Akasemaje?” Marieta aliuliza.

“Alisema, baba haoni, atajuaje?”

Marieta alitoka mlangoni akamwita mwanawe. Gregory aliingia akiwa ameinama kwa sababu paa la jiko lilikuwa chini, akamwona mke wake analia, akajua. Alianza kueleza kwamba ile ni nyumba ya mfano, kwamba mwenye jengo haruhusu hata msumari, kwamba ilikuwa ni kwa muda tu na wote ni familia. Mama yake alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

“Baba yako alikuwa haoni,” Marieta alisema. “Wewe ulikuwa unaona.”

Akarudi kwenye sufuria yake ya makande, akawapa mgongo.

Gregory alishuka kuelekea zizini akiwa na viatu vyake vya mjini. Jua lilikuwa limeinamia upande wa Singida, na upepo wa mlimani ulikuwa umeanza. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mama yake, na alijua hatamwambia mtu. Asubuhi zile yeye alikuwa anakaa sebuleni na kahawa yake akitazama. Hakugeuza uso. Aliona maji yakimwagika, mwanga wa bahari ukipita kwenye mvuke, na mtu mweusi mwembamba amesimama katikati, na alichofikiri ni kwamba mchoro wake umetoka vizuri. Alikuwa ameridhika. Baba yake alikuwa uchi mbele yake, anaimba, na yeye akaridhika na kazi.

Mzee alikuwa anawapa ng'ombe mabua. Gregory alimwamkia, akaitikiwa. Akachukua bua moja, akalishika tu.

“Baba, nimekuja kuomba msamaha.”

Mzee aliendelea na kazi. Baadaye akasema, bila kugeuka, “Ulijua kwamba naonekana?”

“Nilijua.”

“Siku zote?”

“Siku zote, baba.”

“Mimi nilikuwa nagusa,” mzee alisema. “Niligusa pande zote kwa mkono. Nilidhani ni ukuta.”

Gregory alikuwa ameshuka pale akiwa tayari kupokea hasira. Alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba elimu imemharibu, kwamba amesahau alikotoka, na majibu ya hayo alikuwa nayo. Hasira hakuikuta. Alimkuta mtu aliyekuwa anajikunyata ndani ya koti lake kama anayejificha.

“Mkeo amekuja?” mzee aliuliza.

“Amekuja.”

“Amekuja kumwona nani? Mtu kama mimi?”

Hapo ndipo Gregory alipoelewa kwamba baba yake hakuwa amemkasirikia hata kidogo. Alikuwa anajiona yeye ndiye mchafu. Gregory alitaka kusema kwamba kosa lote ni la kwake, badala yake akaanza kumpokeza mabua. Alibaki pale mpaka mabua yakaisha, kisha wakapanda nyumbani, mzee mbele na yeye nyuma. Evelyne alikuwa jikoni. Alikula huko huko na mama mkwe wake, na wanaume walikula ndani.

Asubuhi ya Jumapili, wakati Marieta anamtia mumewe dawa ya matone, alimwambia yote aliyoyasikia kwa Evelyne: vyombo vilivyoachwa, ngazi, jirani, shuka. Mzee alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, jicho limefunguliwa kwa vidole vya mkewe, hawezi kugeuka.

“Alikuwa anatoka?” aliuliza.

“Alikuwa anatoka.”

“Hata siku ya kwanza?”

Tone lilibaki limening'inia kwenye ncha ya chupa. Marieta alilitazama mpaka likadondoka.

“Hata siku ya kwanza,” alisema.

Mzee alifumba jicho. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, na aliusikia ule ukimya ulivyokaa kabla ya jibu. Aliokota kitambaa akajifuta shavu. Hakuuliza tena, na mkewe alipomletea shati jeupe, alilivaa.

Lameck alikuwa ameliona gari la Gregory likipita jana yake, na hakutaka kungoja zaidi. Baada ya misa wanajumuiya walikuja moja kwa moja, wanaume na viti vya plastiki vya kuazima, wanawake na vyakula. Walisali, wakaimba, wakasoma Injili. Kisha Lameck alisimama akaongea maneno marefu. Alisema wapo watoto ambao wakifika mjini wanabadilisha hata namba ya simu. Alisema huyu hakufanya hivyo, huyu alimchukua baba yake akamweka ndani ya nyumba yake mwenyewe, akamhudumia kwa heshima, akamrudishia mwanga. Akawaomba watu wampigie Gregory makofi, na yeye Gregory asimame aseme neno.

Gregory alisimama. Makofi yalimzunguka. Mama yake alikuwa anapanga vikombe na hakuinua kichwa. Evelyne alikuwa mlangoni pa jiko pamoja na wanawake wengine, na kati yao yeye ndiye peke yake aliyekuwa hapigi makofi. Baba yake alikuwa amekaa pembeni yake, miwani nyeusi usoni, mikono juu ya magoti.

“Msinipigie makofi,” Gregory alisema. “Mimi nimemkosea baba.”

Makofi yakakatika. Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akasema kijana huyu amelelewa, sikieni anavyojishusha. Makofi yakarudi kwa nguvu zaidi, na wanawake wakapiga vigelegele. Gregory alisimama katikati ya kelele zile, uso unamchoma, hajui aweke wapi mikono. Akajaribu tena. “Nisikilizeni. Baba alipokuwa kwangu, mimi...”

Mzee alimvuta shati.

“Kaa,” alisema kwa sauti ya chini. “Watu hawajala.”

Gregory akakaa. Lameck akatangaza chakula, viti vikaanza kusogezwa, na kila mtu akawa na mazungumzo yake. Mzee alivua miwani, kwa mara ya kwanza mbele za watu tangu arudi, akamgeukia mwanawe, akamtazama usoni kwa muda. Kule Dar hakumtazama vile. Aliangalia bahari, kisha akaangalia sakafu, kisha akaondoka.

“Una mvi,” alisema.

“Ninazo muda sasa, baba.”

“Hakuna aliyeniambia.”

Wakati huo Evelyne alikuwa ameshaanza kuwanawisha wageni, jagi mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Alianzia upande wa Lameck akawa anakuja. Mwanamke mmoja alijitolea kumpokea kazi ile, akakataa. Alipofika mbele ya baba mkwe wake alisita. Mzee alikunja mikono ya shati. Akanyoosha viganja juu ya beseni. Wote wawili waliyatazama maji.

“Yanatosha, mama,” mzee alisema. “Asante.”

Evelyne aliitika kwa sauti ndogo, akapita kwa mtu wa pili, ambaye alikuwa mume wake. Kwa Gregory alimimina haraka na hakumtazama.

Jicho la pili lilitengenezwa Arusha, baada ya mavuno. Gregory aliwapeleka wazazi wake kwa gari na kuwarudisha, na kule walilala kwa masista, kwenye chumba chenye vitanda viwili na mlango wa mbao. Nyumba ya ghorofa ya kumi na sita ilinunuliwa kama ilivyo, na mnunuzi alisema kilichomvutia kuliko vyote ni bafu. Wenzake wa ofisini walimpongeza Gregory kwa hilo. Aliwashukuru, akatoka nje mpaka walipomaliza kulizungumzia. Mzee Hermani hakurudi tena Dar es Salaam, na Gregory hakumwomba.